Game Boy haikuwa na rangi wala taa, iliwezaje kuzizika Game Gear na Lynx? Tumjadili Gunpei Yokoi

Bwana Saketi
Wakuu kwema?

Humu kila wiki kuna uzi wa Steve Jobs ila sijawahi kuona hata mmoja wa Gunpei Yokoi wa Nintendo, jamaa aliyetuletea gemu za kushika mkononi. Leo naanzisha mwenyewe.

Kwa wasiomjua: Mjapani wa Kyoto, kazaliwa 1941, kasomea mambo ya umeme Chuo Kikuu cha Doshisha, akaajiriwa Nintendo 1965. Kipindi hicho Nintendo ni kiwanda cha karata na yeye kazi yake ni kutunza mashine tu. Muda ukawa mwingi kuliko kazi, akawa anajichongea vidude vyake humo humo kiwandani, kimoja ni mkono wa kukunjuka na kujikunja wa kudakia vitu vya mbali. Bosi mkubwa Hiroshi Yamauchi akakiona. Badala ya kumfukuza akamwambia kifanye kiwe bidhaa. Ultra Hand ikaingia sokoni 1966 na ikauzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo fundi wa mashine akawa mbunifu wa midoli.

1980 akatoa gemu ndogo za mkononi zilizoitwa Game & Watch, 1989 ikatoka Game Boy, na hapa ndo penye swali langu.

Game Boy ilitoka haina rangi, kioo kina vivuli vinne tu vya kijani iliyopauka, haina taa kwa hiyo ukiwa gizani huoni kitu. Mwaka huo huo Atari wakaleta Lynx, ina rangi na taa. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear, nayo rangi na taa. Kwa sifa za kwenye karatasi Game Boy ilitakiwa ife mapema. Kilichotokea ni kwamba Game Boy na mdogo wake Game Boy Color ziliuzwa karibu milioni 119 kwa pamoja, na wale wengine ukiwataja leo watu wanakuuliza ndo nini hicho.

Mimi nasema siyo bahati. Yokoi alikuwa na msimamo wake: usikimbilie teknolojia mpya ya bei mbaya, chukua iliyozeeka, ile viwanda vimeshaizoea na bei imeshuka, halafu itafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Game Boy ndo msimamo huo huo ukiwa na betri ndani. Mnasemaje?

Dogo Tandale
Nimeshika siti ya mbele. Tiririkeni.

Mzee wa Betri
Msimamo mzuri mkuu ila unazunguka mbuyu. Jibu ni betri, basi. Game Boy inakula betri 4 za AA na unacheza zaidi ya masaa 10. Game Gear inakula 6 na masaa matatu mpaka matano zimekwisha habari yake. Lynx nayo 6, stori ni ile ile. Ile taa ya nyuma ya kioo ndo ilikuwa inanyonya moto wote. Sasa mzazi gani atakubali kununua betri sita kila baada ya siku mbili? Sisi tuliokuwa tunaanika betri za redio juani ili zisogee mpaka taarifa ya habari ya usiku tunaelewa hili jambo bila kuitiwa mtaalamu.

Pweza wa Forodhani
Mzee wa Betri ungekosa cha kusema hapo jina lako lingekushtaki 😀

Betri zina mchango wake sikatai. Lakini mtu hanunui chombo kwa sababu hakili betri, ananunua kwa sababu kuna kitu ndani, na kitu chenyewe ni Tetris. Aliyeibuni ni Mrusi Alexey Pajitnov, Moscow, 1984. Henk Rogers ndiye aliyeenda kwa Minoru Arakawa, mkuu wa Nintendo kule Marekani, akamshawishi gemu inayouzwa pamoja na mashine iwe Tetris siyo Mario. Hoja yake ilikuwa ukiweka Mario utawauzia watoto, ukiweka Tetris utamuuzia kila mtu. Na ikawa hivyo, akina mama, watu wa maofisini, mpaka mwanaanga Aleksandr Serebrov alipanda nayo kituo cha anga za juu cha Mir mwaka 1993.

Halafu angalieni kitu kimoja. Kioo cha Game Boy kilikuwa kizito, kitu kikikimbia sana kinaacha kivuli nyuma. Tetris matofali yanashuka taratibu, rangi haina kazi, kivuli hakisumbui. Yaani gemu na kioo vilikutana kama vile viliposwa. Ondoa Tetris 1989 halafu uniambie hizo betri zingeuza ngapi.

Ustaadh Kumbukumbu
Kabla uzi haujaenda mbali tuweke kumbukumbu sawa. Mleta mada ameandika Yokoi "aliyetuletea gemu za kushika mkononi". Siyo. Mattel walitoa Auto Race 1976, magari yenyewe ni vinukta vyekundu vya LED, yaani vitaa vidogo vya umeme, lakini ni gemu ya elektroniki na inashikwa mkononi. 1979 Milton Bradley wakatoa Microvision, mbunifu wake ni Mmarekani Jay Smith, na hiyo ilikuwa na kaseti za kubadilisha MIAKA KUMI kabla ya Game Boy. Kioo piseli 16 kwa 16, prosesa yenyewe ilikaa ndani ya kaseti siyo ndani ya mashine. Jay Smith huyo huyo ndo aliyekuja kubuni mashine ya gemu ya Vectrex.

Kwa hiyo kama uzi ni wa mwanzilishi, mwanzilishi ana jina lingine.

Bwana Saketi
Asante kwa nyongeza Ustaadh, Jay Smith apewe chake. Ila kuanza ni jambo moja na kukifikisha kitu kwa watu ni jambo lingine. Vioo vya Microvision vilikuwa vinaharibika vyenyewe hata bila kuangushwa, na miaka michache tu baadaye ikawa imeshatoka sokoni.

Sasa sikieni Game & Watch ilivyozaliwa. Yokoi yuko kwenye treni ya mwendokasi ya Japani, Shinkansen, anamuona mfanyakazi mmoja kachoka, anabofyabofya kalkuleta kupoteza muda tu. Akawaza kitu kidogo cha kuchezea ambacho mtu mzima anaweza kukificha mikononi bila aibu. Baadaye dereva wa Yamauchi akaugua, Yokoi akaombwa aendeshe gari la bosi, njiani akaona asikae kimya akamweleza lile wazo. Bosi hakusema kitu. Kumbe kwenye kikao alichokuwa anaenda alikaa jirani na mkuu wa Sharp, wakaongea, na muda mfupi baadaye watu wa Sharp wako mlangoni Nintendo.

Na kwa nini Sharp? Kwa sababu Sharp na Casio walikuwa wamepigana vita ya bei za kalkuleta mpaka vioo vya LCD na chipu zake vimekuwa vya bei ya chini. Teknolojia imezeeka, iko tele, inatafuta kazi. Toleo la kwanza, Ball, likatoka Aprili 1980, na ukijumlisha zote Game & Watch ziliuzwa milioni 43 na ushee. Ndo maana nikasema ni msimamo na siyo bahati.

binti_tanga
Jamani mnaongea Game Boy kama vile mtaani tulikuwa nazo. Wengine tunaijua ile brick game, imeandikwa gemu 9999 ukizifungua ni nane tisa zinajirudia zikiongezewa spidi. Kaka yangu alikuwa nayo akawa anaikodisha kwa watoto wa jirani, ukishindwa raundi unarudisha, hakuna cha bahati mbaya mkono uliteleza. Mimi ndugu yake wa damu nilikuwa napanga foleni kama wengine. Mama akitaka kumaliza ugomvi anatoa betri anaziweka kwenye redio, kwisha.

Swali, ile nayo ni ya huyu Yokoi?

Chuma Chakavu
@binti_tanga hapana, zile ni za viwanda vya China, hazina uhusiano na Nintendo. Lakini kiufundi ni ndugu wa karibu wa Game & Watch kuliko ilivyo Game Boy yenyewe, ngoja nieleze maana hapa watu wengi wanachanganya.

Kuna vioo vya LCD vya aina mbili tuseme. Aina ya kwanza picha zimeshakatwa tayari kwenye kioo toka kiwandani, kazi ya chipu ni kuwasha hii na kuzima ile, sawa na tarakimu za kalkuleta. Ndo maana Game & Watch mtu hatembei kweli, anarukaruka kutoka pozi moja kwenda pozi lingine, na ukiitazama imezimwa kwa kuiinamisha kwenye mwanga unaona pozi zote kwa mbali. Brick game ni hivyo hivyo, wamekata vimraba 10 kwa 20 vya kuchezea wakamaliza. Haiwezi kuonyesha kitu kingine maisha yake yote.

Aina ya pili ni ya vinukta, unachora unachotaka. Game Boy ni hii, piseli 160 kwa 144, prosesa ya Sharp inakimbia megahezi 4 na kidogo. Sasa hiyo haikuwa teknolojia ya kuokota jalalani mwaka 1989, kioo cha vinukta cha saizi ile kwa bei ile kilikuwa kazi. Kwa hiyo Bwana Saketi msimamo wako unaielezea Game & Watch vizuri sana ila kwenye Game Boy unauvuta kwa nguvu.

Msee wa Ronga
Niaje wasee wa Bongo. Huu uzi ni moto, nimetoka kazini nikausoma wote.

Kwangu naona mnasahau pesa na biashara. Game Boy ilianza kama dola 90 Marekani. Game Gear kama 150, Lynx karibu 180, yaani mara mbili. Hapo hata hujafika kwa betri. Halafu Nintendo alikuwa ashafunga soko la gemu za TV, kampuni ikitaka kutengenezea NES, mashine yake ya TV, ilikuwa inasaini mkataba mkali, gemu tano kwa mwaka na hiyo gemu usiipeleke kwa mshindani miaka miwili. Sasa kampuni kama hiyo ikitoa mashine mpya unafikiri watengenezaji wa gemu watakimbilia wapi? Lynx alikufa njaa ya gemu buda. Hata ungempa betri ya lori bado angekufa.

Kwa hivyo shukuru Yamauchi kabla ya kumshukuru Yokoi. Yokoi ni fundi, mwenye duka ni Yamauchi.

Mzee wa Betri
Msee wa Ronga umeongea lakini hiyo dola 90 imetoka wapi kama siyo kukataa rangi na taa? Bei na betri ni mtoto mmoja mama mmoja. Karibu tena.

Pweza wa Forodhani
Na Sega naye alikuwa na jina kubwa na maduka na gemu zake, mbona Game Gear haikufika popote? Hoja ya biashara inamuua Atari, Sega haimgusi vizuri.

Kifaru Mpole
Nimesoma kimya toka juu, sasa niseme kitu ambacho hakijaguswa na naona ndo kiini.

Game Boy siyo ya Yokoi peke yake na kuna hoja nzito kwamba ni ya Satoru Okada zaidi. Okada alikuwa injinia chini ya Yokoi kwenye idara ya R&D1. Miaka baadaye akiwa ameshastaafu alieleza kwenye mahojiano kwamba Yokoi alitaka kitu cha karibu na Game & Watch, mdoli wa bei rahisi wa kuuza kwa muda kisha mnahamia kingine. Okada ndo aliyeng'ang'ania mashine yenye nguvu, kaseti za kubadilisha, watengenezaji wa nje waingie, mashine iishi miaka mingi. Walibishana sana mpaka Yokoi akaamua kumwachia aende na njia yake.

Sasa angalieni vitu vilivyoifanya Game Boy iishi. Kaseti. Ule waya wa kuunganisha mashine mbili. 1996 Satoshi Tajiri na wenzake wanakuja na Pokémon ambayo uhai wake wote uko kwenye ule waya, lazima ubadilishane na mwenzako upate wote, na mashine iliyokuwa inazeeka ikafufuka. Kama wangeenda na wazo la mwanzo la Yokoi mwaka 1996 hakuna mashine ya kufufua.

Simvunjii heshima marehemu. Lakini kila tunapotafuta mtu mmoja wa kumbebesha sifa kuna mwingine anafutwa.

Bwana Saketi
@Kifaru Mpole hilo la Okada ni zito na asante kwa kulileta. Lakini hayo ni maelezo ya Okada, na yametoka wakati Yokoi hayupo kujibu. Pia jiulize nani aliyekataa rangi? Injinia ukimwachia mwenyewe mara nyingi anaongeza. Kukataa kitu ambacho mshindani wako anacho kunahitaji mtu mwenye roho ngumu, na Yokoi alikuwa na historia hiyo.

Mfano mmoja tu. 1972 magari ya rimoti yalikuwa ghali, ya kununuliwa na matajiri. Yokoi akatoa gari linaitwa Lefty RX ambalo linakata kona KUSHOTO TU. Kulia haliendi. Kwa kuondoa kona ya kulia alipunguza vyombo vya rimoti, bei ikashuka mtoto wa kawaida akapata gari la rimoti, na kwa kuwa mashindano ni ya kuzunguka duara kushoto peke yake kunatosha kabisa. Mimi nikiiangalia Game Boy bila rangi naliona lile gari.

Na kabla ya hapo 1969 kuna Love Tester, watu wawili wanashikana mikono kila mmoja kashika ncha yake, umeme kidogo unapita mwilini, sindano inapanda inakwambia mnapendana kiasi gani. Ndani hakuna kitu cha ajabu, ni kipimo cha umeme tu kama cha fundi redio. Yokoi mwenyewe alikiri lengo ni kupata sababu ya kuwashika wasichana mikono.

Dogo Tandale
Hiyo ya kushikana mikono iletwe Tandale haraka 😂😂

mama_Zawadi
Mnabishana Game Boy mmeiacha ile batani ya msalaba, ambayo kwangu mimi ndo urithi wake mkubwa. Watoto wangu wanacheza PlayStation, nikiangalia kidole gumba cha kushoto kiko wapi, kipo juu ya msalaba. 1982 Game & Watch ya Donkey Kong, mashine inakunjwa kwa hiyo kijiti cha kusimama hakiwezi kukaa, Yokoi akaweka msalaba bapa, unahisi juu chini kushoto kulia bila kuangalia. Mwaka uliofuata ukaingia kwenye Famicom, ndo NES ya Japani, na mpaka leo tunao. Hapo hakuna mambo ya betri wala bei wala Yamauchi.

Ustaadh Kumbukumbu
Mama Zawadi hapo nakupa, ila vitangulizi vilikuwepo. Gemu ya Blockade ya 1976 ilitumia vitufe vinne vya mwelekeo, na Intellivision, mashine ya TV ya Mattel, ilikuwa na sahani ya duara ya kubonyeza kwa kidole gumba. Yokoi alichofanya ni kuviunganisha vinne viwe kipande kimoja kinachoyumba katikati. Na kwa kuwa hataza ilikuwa ya Nintendo, ndo maana Sega walipitia njia ya duara, na PlayStation ukiangalia vizuri msalaba wake umekatwa vipande vinne kwa juu.

mama_Zawadi
Hiyo ya PlayStation sikuwa naijua. Naenda kuangalia sasa hivi.

Mwarabu wa Seeb
Salaam. Miye niko Muscat, kwetu Mkunazini. Baba yetu mdogo alikuwa huku toka zamani, akatuletea Game Boy ya kijivu, ile nzito ya mwanzo. Kwetu Unguja TV ilikuwepo toka miaka ya sabini lakini TV ni ya nyumba nzima, huwezi kuikalia wewe na gemu yako wakati watu wazima wanataka taarifa na taarabu. Hii ukiingia nayo chini ya mwembe ni yako. Naona hilo hamkulisema bado, si betri wala Tetris peke yake, ni kuwa na kitu chako usichomwomba mtu ruhusa.

Hiyo Game Boy ninayo mpaka leo huku na inawaka. Ila kioo kina mistari ya wima imepotea, kama mitano hivi. Kuna fundi anayejua dawa yake?

Kijana wa Mwanga
Mwarabu wa Seeb umenigusa. Na Bara ndo kabisa, stesheni ya TV ya kwanza tumepata 1994. Kitaa chetu ilikuwa TV moja na watu sebuleni mpaka dirishani.

Dogo Tandale
Wakuu nimesoma sehemu kwamba huyu jamaa alitimuliwa Nintendo kwa sababu ya Virtual Boy. Ni kweli?

Ustaadh Kumbukumbu
Hapa kuna hadithi mbili na zote zina watu wake.

Ukweli usiobishaniwa ni huu. Virtual Boy ilitoka Julai 1995, unaingiza uso kwenye kitu kama darubini kimesimama mezani, ndani picha nyekundu na nyeusi zenye kina. Watu waliilalamikia kuumiza kichwa na shingo. Ziliuzwa kama 770,000 dunia nzima na ikakatishwa ndani ya mwaka. Agosti 1996 Yokoi akaondoka Nintendo baada ya miaka 31.

Hadithi ya kwanza inasema aliwekwa pembeni kama adhabu. Hadithi ya pili ni yake mwenyewe, aliandika kwenye jarida kule Japani kwamba hakuondoka kwa ajili ya Virtual Boy, alikuwa na mpango wa muda mrefu wa kujitegemea. Na kweli kabla ya kuondoka ilitoka Game Boy Pocket, nyembamba, kioo kizuri zaidi, ikauzwa vizuri. Akaanzisha kampuni yake, Koto.

Oktoba 4, 1997 alikuwa kwenye gari barabara kuu mkoa wa Ishikawa, likatokea gongano, akashuka kuangalia, gari lingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

binti_tanga
Mungu ampumzishe. Sikujua kama aliondoka hivyo.

Chuma Chakavu
Nirudi kwenye Virtual Boy maana ndo inayonisumbua kwenye hoja ya Bwana Saketi. Kwa nini nyekundu tu? Kwa sababu LED nyekundu zilikuwa za zamani, rahisi, hazili moto. Bluu zenye mwanga wa kutosha zilikuwa ndo kwanza zimetoka na bei yake haishikiki. Ndani wakaweka mstari mmoja mwembamba wa LED nyekundu na kioo cha kujitazamia kinachopigapiga kwa kasi, jicho linadanganywa linaona picha kamili. Teknolojia yenyewe ilitoka kampuni moja ya Massachusetts.

Huo ni msimamo wa Yokoi neno kwa neno! Chukua kilichozeeka, kiweke mahali pasipotarajiwa. Na ukaanguka vibaya kuliko kitu chochote alichofanya. Kwa hiyo kama msimamo ule ule umezaa Game Boy na umezaa Virtual Boy, je ni msimamo unaoshinda au kuna kitu kingine?

Pweza wa Forodhani
Tetris 😀

Mzee wa Betri
Virtual Boy ilikula betri 6. Sina la kuongeza.

Bwana Saketi
Chuma hilo swali zuri sana. Mimi naona Virtual Boy ilivunja nusu ya pili ya msimamo. Kitu cha Yokoi siku zote kiliingia kwenye maisha ya mtu bila kumbughudhi, unacheza kwenye treni, unacheza chini ya mwembe kama alivyosema ndugu wa Muscat. Virtual Boy inakutaka ukae mezani uinamishe shingo ujitenge na watu. Vifaa ni vya Yokoi, matumizi siyo ya Yokoi.

Na angalia alichofanya baada ya pale. WonderSwan, mashine ya mkononi aliyowabunia kampuni ya Bandai, ikatoka Machi 1999 yeye hayupo, inatumia betri MOJA ya AA, unaishika wima au mlalo, yen 4,800 tu. Gemu mojawapo ya mwanzo ikaitwa Gunpey kwa heshima yake.

Kifaru Mpole
WonderSwan ile ile ambayo Game Boy Color ya timu ya Okada iliizidi mbali Japani. Nasema tu.

Msee wa Ronga
Kifaru leo hutaki mchezo 😅

Lakini wacha niulize. Hii maneno ya teknolojia iliyozeeka si ndio mulika mwizi? Nokia 1100, 2003, wakati wengine wanakimbizana na kamera na rangi wao wanaleta simu haina rangi, ina tochi, vitufe haviingizi vumbi, chaji inakaa siku kadhaa. Iliuza zaidi ya milioni 250. Hakuna Game Boy wala nini imefika hapo. Mashambani kwetu mpaka leo ziko. Na gemu ya nyoka ndani yake.

Kijana wa Mwanga
Kitochi! Huo mfano umekaa pale pale. Mimi nilisomea mtihani wa kidato cha nne kwa ile tochi.

Ustaadh Kumbukumbu
Mfano mzuri lakini tusimpe Yokoi kila kitu cha bei rahisi duniani. Nokia walikuwa na watafiti wao na sababu zao. Nyoka wa Nokia ni kazi ya Taneli Armanto, 1997.

Dogo Tandale
Na kaseti za gemu je, nilisikia mgunduzi ni mtu mweusi, Jerry Lawson?

Ustaadh Kumbukumbu
Ndiyo na hapana. Jerry Lawson, Mmarekani mweusi wa New York, aliongoza timu ya kampuni ya Fairchild iliyotoa Channel F 1976, mashine ya kwanza ya nyumbani yenye kaseti za programu za kuchomeka na kuchomoa. Wazo na mfano wa awali ulitoka kampuni ya Alpex, kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel. Timu ya Lawson ikalifanya liwe kitu cha kuuzika ambacho mtoto anaweza kuchomeka mara elfu kisiharibike. Anastahili uzi wake kamili.

Dogo Tandale
Uanzishe Ustaadh tukufuate huko.

mama_Zawadi
Nimeangalia ile ya PlayStation. Kweli, vipande vinne. Mwanangu ananiuliza kwa nini nimemnyang'anya gemu naiangalia kwa miwani.

Chuma Chakavu
@Mwarabu wa Seeb samahani nimechelewa. Mistari ya WIMA iliyopotea kwenye Game Boy ya kijivu huwa siyo kioo kufa, ni ule utepe wa waya chini ya kioo gundi yake imeachia. Fungua mashine, utahitaji bisibisi ya meno matatu, toa ubao wa mbele, ondoa kile kipande cha mpira juu ya utepe. Chukua kaviya ya moto mdogo, ipitishe TARATIBU juu ya utepe kulia kushoto huku mashine imewashwa, utaona mstari unarudi mmoja mmoja. Usikandamize wala usikae sehemu moja ukaunguza. Kama ni mistari ya MLALO usiguse, utepe wa pembeni ni mgumu zaidi.

Halafu angalia vyuma vya betri, kama vina unga mweupe au kijani paka siki kidogo kwa pamba, kausha vizuri kabla ya kurudishia. Na betri usiziache ndani kama huchezi.

Mzee wa Betri
Huyo ni mtu mzima anayeongea.

Mwarabu wa Seeb
Ahsante sana Chuma. Hiyo bisibisi naitafuta kesho Ruwi, nitaleta picha hapa.

Kifaru Mpole
Tukisubiri picha, Bwana Saketi bado hujanijibu. Kama Yokoi alitaka mdoli wa muda na Okada akataka mashine ya kuishi, hizo milioni 119 unamwandikia nani?

Bwana Saketi
Wote wawili walikuwa chumba kimoja Kifaru, na aliyekuwa na madaraka ya kusema hapana akasema nenda. Kesho nikitulia nakuja na hoja ya kile kioo, maana kuna stori ya Yamauchi kukikataa kwa sababu hakionekani vizuri ikabidi wabadilishe aina ya LCD, na hapo ndo utaona nani alikuwa anabeba nini.

Kifaru Mpole
Nipo.